Kuyatambua Majani Yaotayo Bustanini

1. Bustani baada ya mvua

Mvua za masika zikisha kunyesha siku kumi, bustani iliyolimwa haikai tupu. Udongo hugeuka rangi ya kijani, hata mwenye bustani hustaajabu. Kwani alipanda mistari mitatu ya mchicha na mistari miwili ya nyanya, naye sasa aona majani ya namna ishirini. Mengine ni mapana, mengine membamba. Mengine yatambaa chini, mengine yasimama wima. Hakuna mtu aliyeyapanda. Mbegu zake zilikuwa zimelala udongoni tangu mwaka uliopita, au tangu zamani zaidi. Nyingine zililetwa na upepo, nyingine na ndege, nyingine na maji ya mvua, nyingine zilikuja katika samadi ya ng'ombe, na nyingine zilishikamana na nguo za wapita njia.

Mtu mvivu huyaacha yote, na bustani yake ikawa pori. Mtu wa haraka huyang'oa yote, na mboga zake zikaenda pamoja na magugu. Lakini mtu mwenye busara huinama kwanza, akatazama, akajua lipi la kuacha, lipi la kung'oa, na lipi la kuogopa. Wazee walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na mtaka kuyajua majani, kadhalika, sharti ainame.

Kazi hii si mchezo. Majani yaotayo yenyewe yameokoa watu wengi wakati wa njaa, na majani yaotayo yenyewe yameua watu waliodhani kwamba ni mboga.

2. Gugu ni nini?

Watu husema, "Hili ni gugu," kana kwamba Mungu aliumba aina mbili za mimea, magugu na mazao. Sivyo. Gugu ni mmea wo wote uliota mahali usipotakiwa. Mche wa mhindi ulioota katikati ya tuta la vitunguu ni gugu, maana wauzuia mwanga na kunywa maji ya vitunguu. Na mchicha ulioota wenyewe kando ya shimo la takataka si gugu kwa mama atafutaye kitoweo cha jioni.

Kwa hiyo swali la kwanza si, "Je, mmea huu ni mbaya?" bali ni, "Mmea huu ni mmea gani?" Mtu akisha kulijibu swali hilo, maswali mengine hujibiwa kwa urahisi: kama waliwa, kama una sumu, kama huota tena ukikatwa, na kama mbegu zake zakaribia kupukutika.

3. Jina peke yake halitoshi

Mtu asiyeujua mmea huuliza jina, akidhani kwamba jina ndilo elimu yote. Lakini majina hudanganya kwa njia mbili.

Kwanza, mmea mmoja una majina mengi. Mboga iitwayo mnavu na Waswahili wengi, Wachaga huiita mnafu, Wakikuyu managu, na Waluo osuga. Mboga iitwayo mgagani mahali pengine huitwa mwangani, na katika nchi ya Wakisii ni chinsaga. Watu wawili wa makabila mawili waweza kubishana mchana kutwa, kumbe wote wasema habari za jani moja.

Pili, majina mawili yaweza kufanana, na mimea yenyewe isifanane hata kidogo. Mnanaa ni mmea wenye harufu nzuri. Majani yake hutiwa katika chai. Mnanaha ni mmea wenye sumu kali, nao waweza kumtia mtu wazimu na kumwua. Katika maandishi tofauti yao ni herufi moja tu. Mtoto asiyesikia vizuri, akitumwa kuuleta mmoja, aweza kuuleta wa pili.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa mimea walitafuta njia ya kuupa kila mmea jina moja litakalojulikana duniani pote. Mtu mmoja wa Sweden, Carl Linnaeus, alitoa kitabu mwaka 1753, na humo aliupa kila mmea jina la maneno mawili ya Kilatini. Neno la kwanza ni la jamii, kama vile jina la ukoo. Neno la pili ni la mmea wenyewe miongoni mwa ndugu zake. Mnavu ni wa jamii ya Solanum, nao ni ndugu wa biringani. Mnanaha ni wa jamii ya Datura. Mtaalamu wa Nairobi akiandika Datura stramonium, mtaalamu wa Uhindi au wa Brazili ajua mara moja ni mmea gani.

Mwanafunzi hana haja ya kuyakariri majina hayo yote. Lakini yampasa kujua kwamba jina ni kama mlango wa nyumba tu. Vilivyomo ndani ya nyumba sharti vitazamwe kwa macho.

4. Namna ya kuutazama mmea

Mtu akikutana na mmea asioujua, na autazame kwa utaratibu, asiruke huko na huko. Utaratibu mzuri ni huu.

Kwanza, umbo lote. Je, mmea wasimama, watambaa, au wapanda juu ya mimea mingine? Wafika kimo gani? Umeota peke yake, au umeota karibu na mizizi ya mahindi?

Pili, shina. Shina huonwa kwa macho na kwa vidole. Majani ya jamii ya nyasi, kama ukoka, yana shina la mviringo lenye vifundo. Ndago hufanana na nyasi, lakini mtu akilizungusha shina lake katikati ya vidole viwili, husikia pembe tatu. Shina la mrehani, la kivumbasi, na la mnanaa lina pembe nne, kama ubao uliochongwa. Hivyo hata kipofu aweza kuitenga mimea hiyo.

Tatu, namna majani yalivyopangwa. Katika mimea mingine majani hutoka moja moja, hili upande huu na lile upande wa pili, likiwa juu kidogo; mchicha na mnavu ni hivyo. Katika mingine majani hutoka mawili mawili yakielekeana, kama mikono ya mtu aliyeinyosha. Mrehani na kishona-nguo ni hivyo. Alama hii haibadiliki kwa jua wala kwa mvua. Jani laweza kuwa kubwa penye samadi na dogo penye mchanga, lakini mpango wake ni ule ule.

Nne, jani lenyewe. Je, kingo zake ni laini, au zina meno kama msumeno? Je, ni jani moja zima, au limegawanyika kama vidole vya mkono? Mgagani una vijani vitano, pengine vitatu au saba, vitokavyo mahali pamoja juu ya kikonyo kimoja. Mlenda una alama yake ya pekee: chini kabisa ya jani, karibu na kikonyo, kuna nyuzi mbili nyembamba kama mikia. Mtu aliyeziona nyuzi zile mara moja hazisahau.

Tano, utomvu. Jani likikatwa, je, latoa maji matupu au utomvu mweupe kama maziwa? Danga ni jani nene litambaalo chini, lenye shina jekundu na maua madogo ya manjano, na watu wa nchi nyingi hulila. Karibu nalo huota pengine mziwaziwa, nao pia hutambaa na una shina jekundu. Lakini danga likivunjwa hutoa maji, na mziwaziwa ukivunjwa hutoa maziwa. Mziwaziwa haufai kutiwa chunguni, na utomvu wake ukiingia machoni huchoma. Mtu asiyevunja shina na kutazama aweza kuvichanganya katika kikapu kimoja.

Sita, harufu. Jani dogo lipondwe kwa vidole na kunuswa. Mchaichai usiokatwa hufanana na nyasi nyingine ndefu. Ukipondwa, harufu ya limau hutoka mara moja. Mtu akisha kunusa, anawe mikono, wala asijipanguse macho kabla ya kunawa.

Saba, ua na tunda. Hizi ndizo alama zilizo na nguvu kuliko zote, kwa sababu ndugu wa ukoo mmoja hufanana kwa maua zaidi ya majani. Mtu ambaye hana hakika na aliache shina moja la mmea ule kandokando ya bustani, mpaka lichanue. Kungoja majuma matatu ni bora kuliko kulia.

Nane, mzizi. Mmea mmoja ung'olewe pamoja na mizizi yake, si kukatwa tu. Mingine ina mzizi mmoja mnene uendao chini. Mingine ina nyuzi nyingi. Na mingine, kama ndago, ina viazi vidogo vilivyoungana kama shanga katika uzi.

5. Miche michanga

Kazi iliyo ngumu ni kuitambua mimea ingali midogo. Mmea mchanga haufanani na mama yake. Mhindi na nyasi zote hutoa jani moja la kwanza, jembamba kama mkuki. Mchicha, nyanya, mnavu, na mimea mingine mingi hutoa majani mawili ya kwanza yaliyokuwa yamekunjwa ndani ya mbegu. Majani hayo mawili si majani ya kweli, nayo hunyauka baada ya muda. Jani la tatu na la nne ndiyo yaonyeshayo sura ya mmea.

Kwa hiyo mkulima mwenye akili hupanda mboga zake katika mistari iliyonyoka, akatia kijiti kila mwisho wa mstari. Kilichoota katika mstari kwa nafasi zilizo sawa, yamkini ni mboga yake. Kilichoota nje ya mstari hakupanda yeye. Kisha huchukua mbegu chache za mboga ile ile, akazipanda katika kopo lenye udongo safi. Zikisha kuota, hulichukua kopo mpaka bustanini na kulinganisha. Hiyo ni njia rahisi, wala haina gharama.

6. Mnavu na mnanaha

Mimea hii miwili ni ya ukoo mmoja, pamoja na nyanya, biringani, viazi ulaya, pilipili, na tumbako. Ukoo huo una walishaji na wauaji. Yote miwili hupenda ardhi yenye rutuba, karibu na nyumba, karibu na zizi, na mahali palipotupwa takataka. Yaweza kuota bega kwa bega.

Mnavu ni mmea usiopita kiuno cha mtu. Majani yake ni laini, nayo hupikwa, na uchungu wake wapendwa na wengi. Maua yake ni madogo meupe yenye moyo wa manjano, nayo huning'inia machache pamoja. Matunda yake ni mviringo, madogo kama njegere, mabichi ni ya kijani, yakiiva huwa meusi, na katika aina nyingine huwa ya rangi ya machungwa. Matunda mabichi yasiliwe, kwani yana sumu.

Mnanaha una majani makubwa zaidi, yenye meno yasiyo sawa kandokando. Jani likipondwa lina harufu mbaya. Ua lake hutokea peke yake palipogawanyika matawi, nalo ni refu, jeupe au la rangi ya zambarau, kama tarumbeta. Tunda lake ni kama yai dogo lenye miiba pande zote. Likikauka hupasuka, na ndani mna mbegu nyingi za rangi nyeusi. Mmea wote una sumu, tangu mzizi mpaka mbegu, na kupika hakutoshi kuiondoa.

Mmea ukiisha kuchanua, hata mtoto mdogo hawezi kuuchanganya na mnavu. Hatari iko katika siku za kwanza, wakati wa majani tu. Hapo elimu ya wazee yafaa sana. Fikiri juu ya mtoto aliyetumwa kuchuma mboga, naye akarudi na kikapu kimejaa.

"Shikamoo, Bibi. Nimepata mnavu mwingi nyuma ya zizi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu mimina juu ya ungo. Na hili la meno-meno ulilitoa wapi?"

"Yote yalikuwa pamoja, Bibi. Si mnavu mkubwa huo?"

"Mnavu mkubwa hauna meno kama hayo. Ponda kidogo unuse. Waisikia harufu yake? Huo ni mnanaha. Basi, mwaga kikapu chote."

"Chote, Bibi? Na mnavu je?"

"Chote, mwanangu. Mboga ya kesho itachumwa kesho. Kanawe mikono, kisha twende wote ukanionyeshe mahali pale, tuung'oe."

Bibi huyo amefanya mambo matatu yaliyo sawa. Hakumpiga mtoto, ili mtoto asiogope kuonyesha alichochuma siku nyingine. Hakuchambua jani kwa jani, maana kipande kimoja kikisalia chaweza kudhuru. Tena aliuondoa mmea wenyewe kabla haujatoa mbegu.

Jambo hili la mwisho ni kubwa. Mmea ukiachwa shambani hata ukazaa, mbegu zake huvunwa pamoja na nafaka. Mwaka 2019 watu wa Karamoja, katika Uganda, walipewa unga wa uji wa msaada. Watu zaidi ya 200 wakaugua, na 5 wakafa. Wachunguzi waliona kwamba sumu iliyokuwamo katika unga ule ilikuwa ni ya mnanaha. Gugu lililoachwa shambani laweza kuua watu wa mbali ambao hawakuliona kamwe.

7. Magugu yasiyo na sumu lakini ni adui

Yako magugu ambayo hayamwui mlaji, bali huliua shamba.

Ndago ni la kwanza. Mtu akililima kwa jembe, hukata ule uzi ulioviunganisha viazi vyake, na kila kiazi huota peke yake. Hivyo mahali pa ndago moja pakatokea tano. Dawa yake ni kuchimba kwa subira, kuviokota viazi, na kuvianika juani hata vikauke kabisa.

Kiduha ni la pili. Ua lake ni zuri, la rangi ya zambarau au nyekundu, hata mgeni hutaka kulichuma alipeleke nyumbani. Lakini chini ya ardhi mizizi yake imeshika mizizi ya mhindi, mtama, au uwele, yanyonya chakula chake. Mhindi hudumaa na kugeuka manjano kabla kiduha hakijaonekana juu. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, mmea mmoja hutoa maelfu mengi, nazo hukaa udongoni miaka mingi zikingoja. Aonaye ua la kwanza na aling'oe siku ile ile.

Gugu karoti ni mgeni aliyetoka nchi za joto za Amerika, naye ameenea Afrika ya Mashariki katika miaka ya karibuni. Majani yake yamekatika-katika kama ya karoti, kwa hiyo wenye bustani wasiolijua hulihurumia. Mwanzoni majani yake hulala chini kama duara. Baadaye shina hupanda, na maua madogo meupe hutokea mengi. Mmea mmoja waweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Watu wengine wakiligusa hupata upele, na wengine hupata pumu. Mwenye kuling'oa na afunike mikono yake, wala asingoje lichanue. Njia ya kulitambua ni kulinusa na kuling'oa moja: karoti ya kweli ina harufu ya karoti, nayo huanza kufanya kiazi chake.

Kishona-nguo nalo lilitoka Amerika zamani. Mbegu zake nyeusi nyembamba zina ncha zenye vimiiba, nazo hushika nguo na manyoya ya wanyama. Hivyo mtu apitaye na kuziondoa nguoni mlangoni pake amekuwa mpanzi bila kujua. Walakini isidhaniwe kwamba kila mmea wa kigeni ni mbaya. Mahindi, mihogo, na nyanya pia zilitoka Amerika.

8. Mambo yadanganyayo

Watu wengi hutegemea kanuni ambazo si za kweli, na kanuni hizo zimeleta msiba.

Wengine husema, "Mbuzi amelila, basi ni salama." Tumbo la mbuzi si tumbo la mtu. Ndege pia hula matunda ambayo mtoto akiyala huugua.

Wengine husema, "Kila kichungu ni sumu, na kitamu ni chakula." Mnavu ni mchungu, na mchunga ni mchungu hata jina lake lafanana na uchungu, navyo vyote viwili huliwa.

Wengine husema, "Kila chenye maziwa ni sumu." Lakini mchunga hutoa utomvu mweupe, na mpapai vile vile. Utomvu ni alama ya kumfanya mtu asimame na kutazama tena, si hukumu.

Wengine husema, "Kizuri hakidhuru." Mbegu za mbarika ni nzuri, zina madoadoa kama zimechorwa, na watoto huzichezea. Nazo zina sumu kali. Chache zikitafunwa zaweza kumwua mtoto.

Na kosa lililo kubwa kuliko yote ni kuonja ili kujua. Ulimi si mwalimu wa mimea. Usilolijua ni usiku wa giza, na mtu mwenye akili haendi mbio gizani.

9. Kuuliza, na kuhifadhi

Mtu akisha kutazama yote na bado hajui, na aulize. Kuuliza si ujinga. Awaulize watu wawili au watatu walio wakubwa, kila mmoja peke yake, wakikubaliana, ni vizuri, wakihitilafiana, asile. Bwana shamba naye husaidia.

Ili kuuliza vizuri, yafaa kuchukua mmea wenyewe. Mmea ung'olewe pamoja na mzizi, jani, ua, na tunda ikiwezekana. Uwekwe katikati ya karatasi za gazeti, na juu yake kitu kizito, kama mawe juu ya ubao. Karatasi zibadilishwe kila siku mpaka mmea ukauke. Kisha mmea ukae juu ya karatasi nene, na pembeni iandikwe: mahali ulipoota, tarehe, kimo chake, rangi ya ua, harufu, na jina ambalo watu wa pale huuita. Rangi na harufu hupotea mmea ukikauka. Yasipoandikwa yamepotea kabisa.

Njia hiyo hiyo ndiyo itumiwayo na wataalamu. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha kuchunguza mimea huko Amani, katika milima ya Usambara. Mimea mingi iliyokaushwa ilikusanywa huko, na mwaka 1950 hazina ile ilihamishiwa Nairobi. Mwaka 1952 vilianza kutolewa vitabu vya kueleza mimea ya Kenya, Uganda, na Tanzania, na kazi ile haikwisha mpaka mwaka 2012. Mimea iliyoelezwa humo yapita 12,000. Ikiwa wataalamu walihitaji miaka 60, mwanafunzi asione haya kwamba majani kumi ya bustani yao yamemchukua mwaka mzima.

10. Mtu akila mmea wenye sumu

Dalili za sumu ya mnanaha ni hizi: kinywa hukauka, mboni za macho hupanuka, mgonjwa haoni vizuri, moyo hupiga mbio, mwili huwa moto, naye husema maneno yasiyo na maana na kuona vitu ambavyo havipo. Watu wasiojua hudhani amepagawa na pepo, na hapo wakati hupotea.

Mtu wa namna hii apelekwe hospitali mara moja, hata kama amekula kidogo. Asilazimishwe kutapika, wala asipewe dawa za kienyeji. Mabaki ya chakula na kipande cha mmea vichukuliwe pamoja naye, ili daktari ajue ni sumu gani. Na wote waliokula chungu kile wachunguzwe, hata wasiojisikia vibaya.

Mtoto ambaye ameyajua majani ya bustani yao moja baada ya moja amepata hazina ya maisha yake yote. Wakati wa njaa atajua cha kuchuma. Wakati wa kulima atajua cha kung'oa. Na siku atakapowatuma watoto wake mwenyewe kuchuma mboga, atajua kuumimina kwanza mzigo juu ya ungo, kabla ya kuutia chunguni.

Maswali

1. Gugu ni nini? Taja mmea mmoja ambao ni gugu mahali pamoja na mboga mahali pengine.
2. Kuna tofauti gani kati ya mnanaa na mnanaha?
3. Utalitambuaje shina la ndago hata ukifumba macho?
4. Taja alama tatu zitenganishazo mnavu na mnanaha.
5. Kwa nini bibi alimwaga kikapu chote?
6. Kwa nini ndago likilimwa kwa jembe huzidi?
7. Tazama bustani ya nyumbani kwenu. Chagua mimea mitano iliyoota yenyewe, usiionje, kisha andika habari za shina, jani, harufu, na ua la kila mmoja. Waulize wazee majina yake, uyaandike.